Uzio Kwanza, Kitanda Baadaye

Mtu anayepanga safari ya mbugani siku hizi huanza na picha: kitanda chenye chandarua cheupe, beseni la kuogea lililoelekezwa mtoni, kiboko akipiga miayo kwa mbali. Akishapenda kitanda hutafuta tarehe, akishapata tarehe hutafuta gari. Habari za watu wanaoishi jirani na mbuga humfikia mwishoni, kama zitamfikia, tena katika sura ya ngoma za jioni na vinyago vya kununua. Hoja ya makala haya ni kwamba mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Loji ya kitalii, hasa katika nchi ndogo yenye watu wengi, hupimwa kwa kutazama kilicho nje ya uzio wa hifadhi: nani analima pale, nani alihamishwa, tembo wakivuka anaitwa nani na hasara analipa nani. Anayeanza na maswali hayo hupata safari bora hata kwa vigezo vya starehe yake mwenyewe. Jambo hili linaonekana vizuri kwenye barabara ya M1 inayotoka Lilongwe kwenda kaskazini, ambayo ndani ya mwendo usiofika kilomita mia mbili humpitisha msafiri jirani na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kabla ya kumfikisha Hifadhi ya Taifa ya Kasungu.

Malawi haina nafasi ya kuficha ujirani. Nchi nzima ni kilomita za mraba 118,000 hivi, sehemu ya tano ya eneo hilo ni maji ya ziwa, na watu wake wamezidi milioni ishirini, wengi wao wakulima wa mahindi, karanga na tumbaku. Hifadhi ya Liwonde, inayosifiwa kuliko zote na mawakala wa safari, ina kilomita za mraba 548. Ndani ya Serengeti ingeingia zaidi ya mara ishirini na tano. Serengeti mgeni anaweza kukaa siku tatu katikati ya nyika asione shamba hata moja, na asilaumiwe kwa kudhani kwamba nyika haina wenyewe. Liwonde shamba linaanzia pale hifadhi inapoishia. Msomaji wa Kiswahili ana sababu nyingine ya kuitazama nchi hii kwa karibu. Nkhotakota, mji wa ufukweni uliolipa jina hifadhi kubwa ya milimani, ulikuwa katika karne ya 19 makao ya Jumbe Salim bin Abdallah, mfanyabiashara kutoka pwani, aliyevusha watumwa na pembe za ndovu kwa majahazi hadi ng'ambo ya ziwa ili wapelekwe Kilwa. Livingstone alifika hapo mwaka 1861 akayaona. Kiswahili kiliwahi kuingia Malawi kikifuatana na pembe. Leo kimerudi na wakimbizi wa Kivu na Burundi, na ndicho kinachovuma katika soko la Dzaleka.

Ndovu wenyewe, baada ya karne ya biashara na miongo ya ujangili, nusura waishe. Majete, kusini mwa nchi, ilikuwa karibu tupu wakati serikali ilipoikabidhi kwa shirika la uhifadhi la African Parks mwaka 2003 kwa mkataba wa muda mrefu. Liwonde na Nkhotakota zilifuata mwaka 2015. Tangu hapo wanyama wamerudishwa kundi baada ya kundi: Majete walianza faru weusi, wakaja tembo mwaka 2006 na simba mwaka 2012, Liwonde walipelekwa duma mwaka 2017, simba mwaka uliofuata, na faru weusi 17 kutoka Afrika Kusini mwaka 2019. Kati ya 2016 na 2017 tembo zaidi ya 500 walipakiwa kwenye malori kutoka Liwonde na Majete kwenda Nkhotakota, kazi ambayo Mwanamfalme Harry wa Uingereza aliishiriki na ambayo, kwa sababu hiyo, ilipigwa picha kuliko zote. Loji za zamani kama Mvuu kando ya mto Shire zikapata uhai mpya, na nyingine zikajengwa: Mkulumadzi ndani ya Majete, Tongole juu ya mto Bua, Kuthengo huko Liwonde. Haya ni mafanikio ya kweli. Mwenye kuyadharau kwa sababu tu yameendeshwa na shirika la kigeni aseme kwanza angewarudishaje simba Malawi kwa njia nyingine.

Kisha ikaja Kasungu. Hifadhi hii ya kilomita za mraba zaidi ya 2,300 inapakana na Zambia. Miaka ya 1970 ilikuwa na tembo zaidi ya elfu moja. Kufikia 2015 walikuwa wamebaki hamsini hivi. Katikati ya mwaka 2022 Idara ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori ya Malawi, ikishirikiana na African Parks na shirika la kimataifa la ustawi wa wanyama, IFAW, ilihamishia huko tembo 263 kutoka Liwonde. Kwa hesabu ya uhifadhi mantiki ilikuwa sawa: Liwonde imejaa, Kasungu ina nafasi. Lakini uzio wa upande wa mashariki, unaotazamana na mashamba ya Malawi, ulikuwa haujakamilika, na upande wa Zambia haukuwepo kabisa, kwa kuwa eneo lote linakusudiwa kuwa makazi ya wanyama yanayovuka mpaka. Tembo hawakuelezwa mipaka. Haukupita muda mrefu watu wakaanza kuuawa, mazao yakaliwa, na vijiji vya pande zote mbili vikajifunza upya maisha ya kulala nusu usingizi. Baadhi ya walioathirika wamekwenda kwa mawakili kuidai IFAW. Shirika hilo linasema kazi iliongozwa na serikali, nalo lilitoa msaada. Mahakama na wanasheria watajua pa kuufikisha ubishi huo. Kwa mtu anayechagua mahali pa kulala, kilicho muhimu ni kwamba tembo wale wale, kwa idadi ile ile, ni pambo la tangazo kwa anayewatazama kutoka ndani na ni msiba kwa anayewatazama kutoka nje, na tofauti kati ya hali hizo mbili ni kilomita kadhaa za nyaya na nguzo zilizochelewa.

Hapa ndipo ratiba ya mtalii inapomficha mambo bila mtu yeyote kusema uongo. Ushauri wa kawaida ni kwenda Malawi kati ya Mei na Oktoba, wakati wa kiangazi, majani yakiwa mafupi na wanyama wakisogelea maji. Ni ushauri mzuri. Ila mahindi hukomaa kuanzia Februari na huvunwa kati ya Aprili na Juni. Miezi ambayo mkulima hukesha shambani na debe la kugonga ni ile ile ambayo loji nyingi hazina wageni na barabara za ndani zimejaa matope. Mgeni wa Julai anakuta mashamba meupe, watu wanapumua, watoto wanapunga mikono. Anarudi kwao akiwa na hakika kwamba wenyeji na wanyama wanaishi kwa amani, na hakika hiyo anaiandika kwenye tathmini ya loji, ambayo mwingine ataisoma kabla ya kuweka nafasi. Hata katika miezi hiyo tembo mwenye njaa hulifuata ghala, lakini ghala liko kijijini, na gari la watalii huingia kwa lango jingine.

Pingamizi la kwanza litakuwa hili: mtalii amelipa apumzike, hakuajiriwa kuwa mkaguzi. Ni kweli. Lakini mtalii huyo huyo huuliza kama kuna intaneti, kama jenereta inazimwa saa nne usiku, kama mpishi anajua kuandaa chakula kisicho na ngano. Ukaguzi anaufanya tayari, na loji zimezoea kumjibu. Kuongeza maswali matatu hakumpotezei likizo. Wafanyakazi wanaoongoza magari na boti wametoka vijiji gani? Sehemu gani ya malipo ya usiku mmoja inabaki ndani ya wilaya, na inapita mkononi mwa nani? Mnyama akiua ng'ombe au mtu, loji inafanya nini siku hiyo, kabla hata serikali haijafika? Loji yenye majibu huyatoa kwa majina ya vijiji na ya shule. Isiyo nayo hutuma kijitabu chenye picha ya mtoto anayecheka. Isitoshe, katika mlolongo mzima wa watu wanaoamua mambo ya hifadhi, mfadhili, waziri, mkurugenzi wa shirika, mtalii ndiye pekee anayeweza kuzuia fedha yake kabla haijatoka mfukoni, tena kwa ujumbe mfupi tu wa simu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Watu wa uhifadhi husema kwamba loji ghali ndizo zinazolipa mishahara ya askari wa wanyamapori, na kwamba wageni wachache wanaolipa dola nyingi huharibu mazingira kidogo kuliko mabasi ya wageni wa bei rahisi. Majete inawapa ushahidi: bila fedha za nje na za wageni ingebaki pori lenye mitego ya waya. Nakubali hoja hiyo yote, kasoro neno moja ambalo haikulisema, nalo ni umiliki. Dola mia tano za usiku mmoja zinaweza kuingia Malawi na kutoka siku hiyo hiyo zikiwa zimegusa mshahara wa mpishi tu, au zinaweza kubaki. Huko Majete kuna Thawale, loji inayoendeshwa na hifadhi yenyewe, hivyo faida yake hurudi katika kazi ya hifadhi. Hilo ni hatua moja bora kuliko kampuni ambayo wenye hisa zake wako mbali. Maasai Mara, nchini Kenya, wametembea hatua nyingine: katika maeneo ya hifadhi za jamii yaliyoanza kuundwa kwa wingi miaka ya 2000, wenye ardhi huikodisha kwa kambi za kitalii na hulipwa kodi ya ardhi, wageni wawe wengi au wachache. Utaratibu huo una kasoro zake, na wafugaji wa huko hawachoki kuzitaja, lakini umemgeuza jirani wa uzio kuwa mwenye nyumba. Jirani na Liwonde kipo kijiji cha utamaduni cha Njobvu, ambako mgeni hulala katika nyumba za kijiji na mapato hubaki hapo hapo. Kitanda chake hakitoshi kushindana na cha Mvuu, na wala hakijaribu. Mtu mwenye usiku tatu Liwonde angefanya vyema kuutoa mmoja kwa Njobvu, na ningesema hivyo hata kama hajali chochote kuhusu haki, kwa sababu atakaopata kuzungumza nao pale ndio wanaojua tembo hupita wapi.

Umiliki wa kitanda ndio unaoniingiza Dzaleka, ingawa huko hakuna mbuga. Kambi hii, kama kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa chini ya utawala wa Kamuzu Banda. Ilipangiwa watu elfu kumi hivi. Leo ina zaidi ya elfu hamsini, wengi wao Wakongomani, na wengine Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia na Wasomali. Ina soko, makanisa na misikiti, vikundi vya ngoma, redio ya jamii iitwayo Yetu, na tangu 2014 ina Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi na msanii wa Kikongomani anayejulikana kama Menes La Plume. Tamasha hilo hufanyika ndani ya kambi kila mwaka, kwa kawaida kati ya Oktoba na Novemba, bila kiingilio, na huwavuta maelfu ya Wamalawi na wageni kuja kusikiliza muziki pamoja na wakimbizi. Waandaaji wake, shirika la Tumaini Letu, waliweka pia utaratibu wa wageni kulala katika nyumba za familia za kambini. Mgeni hulipia malazi, huandaliwa sombe, yaani kisamvu, au chochote kinachopikwa nyumbani humo, na hulala chini ya bati lile lile analolalia mwenyeji wake. Kwa vigezo vitatu nilivyovitaja, malazi hayo yanazishinda loji nyingi za mbugani: anayekuongoza anatoka hapo, fedha inabaki hapo, na likitokea la kutokea unajua mlango wa nani ubishe.

Najua linalofuata. Kambi ya wakimbizi kuingizwa katika ratiba ya matembezi, baada ya kiboko na kabla ya ziwa, ni jambo linalokera, na linastahili kukera. Umaskini hautazamwi kwa tiketi. Mwaka 2022 shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na dawa za kulevya na uhalifu, UNODC, lilieleza jinsi wafanyabiashara wa binadamu walivyokuwa wakiwanasa watu, watoto wakiwemo, ndani ya Dzaleka. Mahali pa namna hiyo mgeni anayezurura na kamera ni nyongeza ya taabu. Kwa hiyo tofauti iwe wazi. Kuingia kambini siku yoyote bila mwaliko ni makosa, na mara nyingi ni kinyume cha sheria, kwani mgeni huhitaji ruhusa ya idara ya serikali inayoshughulikia wakimbizi. Kwenda siku za tamasha ni kuitikia wito: wenyeji wamejiandaa, wameweka bei, wamechagua cha kuonyesha na cha kuficha. Mwenye nyumba anayeweza kukukatalia ni mwenyeji; asiyeweza ni kitu cha kutazamwa. Kipimo hicho hicho, kwa bahati mbaya, hakipelekwi mbugani mara kwa mara. Kijiji kinachopitiwa na gari la loji kila jioni "kuona maisha ya wenyeji" hakijaulizwa kama kina nafasi leo, na wageni wanaoshtuka kusikia habari ya kulala Dzaleka hupiga picha huko bila wasiwasi.

Kuna jambo jingine linalofanya Dzaleka na Kasungu zisomwe pamoja, nalo halipendezi. Sheria ya Wakimbizi ya Malawi ni ya mwaka 1989, na nchi iliingia Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa mwaka 1951 ikiweka masharti juu ya kazi, umiliki wa mali na uhuru wa kwenda utakako. Kwa miaka mingi masharti hayo yalilegezwa kwa vitendo. Wakimbizi walifungua maduka Lilongwe na miji mingine, wakalipa kodi ya pango, wakasomesha. Machi 2023 serikali iliwaamuru warudi kambini ifikapo katikati ya Aprili, na Mei mwaka huo polisi na wanajeshi wakaanza kuwakamata. Kwa mujibu wa Human Rights Watch mamia walikamatwa, watoto wakiwemo, na wakapitishwa gereza la Maula mjini Lilongwe kabla ya kurudishwa Dzaleka. Serikali ilitaja usalama wa taifa, na wafanyabiashara wa Kimalawi walilalamikia ushindani. Malalamiko hayo hayakuwa ya kubuni yote, kwani mwenye duka dogo katika nchi isiyo na fedha za kigeni anabanwa kweli. Hata hivyo ukiyaweka matukio haya kwenye kalenda moja, yanakaa vibaya. Mwaka 2022 nchi ilipata fedha, malori na madaktari wa kuhamisha tembo 263 kwa sababu makazi yao yamebana. Mwaka uliofuata iliwarudisha watu mahali palipobana mara tano ya kipimo chake. Sisemi tembo walipendelewa dhidi ya watu. Fedha zile zilitoka kwa wafadhili wa wanyama na zisingekwenda Dzaleka kwa vyovyote. Nasema kwamba msafiri anayepita M1 anapita katikati ya maamuzi haya mawili, na ratiba inayomwonyesha moja na kumficha jingine ni ratiba mbovu, kama ambavyo ramani inayoacha mto ni ramani mbovu.

Watanzania tusijifanye wageni wa habari hizi. Juni 2022, mwezi ambao tembo wa Liwonde walianza kuhamishwa, Loliondo kulikuwa kukiwekwa alama za mipaka ya kilomita za mraba 1,500 zilizogeuzwa pori tengefu, na Wamasai waliopinga walipambana na polisi. Maswali matatu ya loji yanauliziwa Arusha vile vile kama Lilongwe.

Sasa mipango yenyewe. Lilongwe hutumiwa vibaya na wasafiri wengi: wanashuka uwanja wa ndege wa Kamuzu, ulioko Lumbadzi, kaskazini mwa mji, na siku hiyo hiyo wanakimbilia ziwani, au wanavuka mpaka wa Mchinji kwenda Luangwa Kusini nchini Zambia, mbuga ambayo kwa wingi wa chui haina mfano jirani. Luangwa ni chaguo halali, ila tuseme kweli kwamba hiyo ni safari ya Zambia iliyopitia Malawi. Anayetaka Malawi yenyewe alale Lilongwe usiku mbili kwanza. Mji una nyumba za wageni za kila bei, na katikati yake, kando ya mto Lingadzi, kuna kituo cha kutunza wanyama waliookolewa, ambako mtu hujifunza kwa asubuhi moja biashara haramu ya wanyama inavyoendeshwa. Elimu hiyo itamfaa akifika mbugani. Kutoka hapo njia ni tatu. Ya kusini, kupitia Dedza na Ntcheu, humpeleka Liwonde, safari ya nusu siku na zaidi. Ya mashariki hushuka Salima na kufuata ziwa hadi Nkhotakota, penye vilima, msitu na mto, na penye mbung'o pia. Ya kaskazini ni ya Dzaleka na Kasungu, na ndiyo ambayo Mtanzania anayekuja kwa basi kupitia Kasumulu, Karonga na Mzuzu ataifuata akitokea upande wa pili. Anayesafiri kwa gari la kukodi aulize habari za mafuta kabla ya kutoka mjini, maana uhaba wa fedha za kigeni umefanya foleni za vituo vya mafuta kuwa jambo la kawaida. Uhaba huo huo ulifanya thamani ya kwacha ishushwe kwa asilimia 44 Novemba 2023. Loji hutoza kwa dola. Mhudumu anayelipwa kwa kwacha aliamka siku hiyo akiwa na mshahara ule ule na bei mpya sokoni. Swali la jinsi loji ilivyowatendea wafanyakazi wake mwezi ule ni swali zuri, na meneja mwema hatachukia kuulizwa.

Linabaki la Kasungu: je, asiyeridhika na yaliyotokea aikwepe? Wapo wanaoshauri hivyo, na kususia ni silaha ya kale isiyo ya kudharauliwa. Mimi sioni itamsaidia nani. Tembo hawatarudishwa Liwonde. Hifadhi isiyo na wageni haina mapato ya kugawana na vijiji, na uzio unaojengwa kwa michango ya mbali husimama michango inaposimama. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona, hifadhi za Afrika nzima zilionja hali hiyo. Mkulima wa pembeni mwa Kasungu atabaki na tembo wale wale na uwezo mdogo zaidi wa kuwakabili. Nenda, ila nenda kwa utaratibu mwingine. Lala usiku mmoja Lifupa, kando ya bwawa ambapo wanyama hunywa maji, na siku inayofuata tafuta, kwa msaada wa ofisi ya hifadhi, mtu wa kijijini atakayekubali kulipwa kwa kukutembeza upande wa mashambani na kukueleza msimu ulivyokwenda. Asipopatikana, hilo nalo ni jibu, na liandike kwenye tathmini yako mahali ambapo wengine huandika habari za mashuka. Anayeweza kuchagua mwezi achague mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba. Joto litakuwa kali na mvua zitakuwa zinanukia, lakini wanyama bado watakuwa wamebanana majini, tarehe za Tumaini zitakuwa zimetangazwa, na familia zinazopokea wageni Dzaleka zitakuwa zinahesabu vitanda. Nafasi hizo huombwa kwa waandaaji wa tamasha mapema, nazo zikiisha hakuna wakala wa safari mjini mwenye ufunguo mwingine.